Pikipiki kubwa ni raha, lakini pima uzito wake kwanza

HUENDA wewe pia umewahi kuisikia kabla ya kuiona. Ni Jumapili, ibada imekwisha, nawe umeketi na jamaa yako kwenye hoteli fulani ya Kiserian mkingojea nyama choma iive. Mara mngurumo mzito unasikika kutoka mbali. Si ule mlio mwembamba wa bodaboda ambao masikio yako yamekwisha kuuzoea. Huu unatikisa hata chupa za soda mezani. Kisha zinatokea moja baada ya nyingine: pikipiki ndefu, pana, zilizong'arishwa hadi mtu anaweza kujitazama humo, na waendeshaji wake wameketi wima, miguu mbele, kama wazee wa baraza.

Watoto wanakimbilia ukingo wa barabara kuwapungia mikono. Wanaume wazima wanakatiza mazungumzo. Na hakosi mmoja ambaye moyo wake unabaki kule barabarani hata baada ya vumbi kutulia. Ikiwa mtu huyo ni wewe, au ni mumeo, au hata ni binti yako aliyeanza kazi juzi, basi makala haya yanaihusu nyumba yako.

Si dhambi kuitamani pikipiki ya aina hii, ambayo wenyewe huiita kruza. Ni chombo cha raha, na binadamu hakuumbiwa kazi pekee. Kosa la wengi ni kuuliza ina nguvu kiasi gani na kusahau kuuliza ina uzito gani. Na uzito wake, msomaji, ni wa aina tatu: kuna ule wa chuma chenyewe, kuna ule unaoulemea mfuko, na kuna ule wanaoubeba watu wa nyumbani kila unapowasha injini na kutoka langoni.

Ilikotoka

Kwanza tujuane na chombo chenyewe. Jina linalotajwa zaidi katika jamii hii ya pikipiki ni Harley-Davidson, kampuni iliyoanza mwaka wa 1903 mjini Milwaukee, Marekani, kwa juhudi za vijana wawili, William Harley na Arthur Davidson. Injini yao ya kwanza ya silinda mbili zilizopangwa kama herufi V ilitoka mwaka wa 1909, na mpangilio huo ndio nembo yao hadi leo.

Lugha yetu iliipa pikipiki jina kwa kuiga mlio wake. Lakini hizi kubwa hazisemi "piki-piki" hata kidogo. Silinda zake mbili zimeachana kwa nyuzi 45, na pistoni zote mbili zimeshikwa kwenye pini moja ya krenki. Kwa hivyo hazilipuki kwa vipindi vinavyolingana. Moja ikilipuka, ya pili hufuata baada ya krenki kuzunguka nyuzi 315, kisha hupita nyuzi 405 kabla ya ile ya kwanza kulipuka tena. Sikio lako huusikia mwachano huo kama mpigo wa ngoma inayochechemea. Huo ndio mlio unaowatia watu wazimu.

Kampuni hiyo nayo iliwahi kuchechemea. Mwaka wa 1969 ilinunuliwa na kampuni nyingine iitwayo AMF, na katika miaka ya sabini sifa ya pikipiki zake iliporomoka. Mwaka wa 1981 wasimamizi 13 waliinunua tena. Miaka miwili baadaye serikali ya Rais Ronald Reagan ilipandisha ushuru wa pikipiki kubwa zinazotoka ng'ambo kutoka asilimia 4.4 hadi 49.4, ili kuipa kampuni hiyo nafasi ya kupumua mbele ya Wajapani.

Wajapani hawakulala. Honda ilitengeneza Shadow, Yamaha ikatoa Virago, Suzuki ikaja na Intruder na Kawasaki ikaleta Vulcan. Zote zilikuwa na umbo lile lile la kukaa chini na kunyoosha miguu. Kwa hivyo mtu akikuambia anataka kruza, muulize ni ipi, kwani si lazima iwe ya Marekani, na za Kijapani zilizotumika mara nyingi huwa nafuu kwa mtu wa mapato ya wastani.

Uzito wa chuma

Sasa tuingie kwenye shughuli yenyewe. Bodaboda ya kawaida hapa kwetu ina injini ya cc 100 hadi 150, na uzito wake ni kilo 110 hadi 120 hivi. Kijana mwenye nguvu anaweza kuigeuza kwa mkono kwenye kichochoro. Harley-Davidson aina ya Fat Boy, ambayo wengi waliiona kwa mara ya kwanza katika filamu ya Terminator 2 ya mwaka wa 1991, ina uzito wa zaidi ya kilo 300 ikiwa na mafuta. Zile za safari ndefu, zenye masanduku ya mizigo na kioo cha kukinga upepo, huzidi kilo 370. Hapo hata hujaketi wewe, wala hujampakia mwenzako.

Nguvu nayo ni ya kiwango chake. Injini za karibuni za Fat Boy zimefikia cc 1,923, na nguvu yake ya kuzungusha gurudumu ni zaidi ya mara kumi ya ile ya bodaboda ya cc 150. Nguvu hiyo huja mapema, injini ikiwa bado inanguruma polepole. Ndiyo maana anayeendesha kruza hana haja ya kuikaza injini ndipo aende. Akifungua mafuta kidogo tu, mlima wenyewe hujishusha. Lakini mgeni akifungua kwa pupa akitoka kwenye mchanga au lami iliyolowa, gurudumu la nyuma hutereza kabla hajajua kilichotokea.

Jambo la kushangaza ni kwamba dude hili likishashika mwendo huwa tulivu kama jahazi baharini. Taabu yake iko kwenye mwendo wa pole. Ni pale unapoingia kituo cha petroli, unapogeuka kwenye barabara nyembamba, au unaposimama mahali penye kokoto na mguu ukateleza. Wengi huanguka wakiwa hawaendi popote.

Dawa yake ni mazoezi. Tafuta uwanja mtupu Jumamosi asubuhi, ujifunze kuitembeza pikipiki kwa kuachia klachi nusu, huku mguu wa kulia ukigusa breki ya nyuma kwa upole. Macho yako yaelekee unakokwenda, si kwenye gurudumu la mbele, kwa kuwa pikipiki hufuata macho. Na usiishike breki ya mbele wakati usukani umekatwa upande mmoja. Ukifanya hivyo, kilo 300 zitalala, na mguu wako hautaweza kuzizuia.

Ikilala, usione haya. Zima injini. Ikiwa imelalia upande wa kulia, toa stendi kwanza ili isije ikaangukia upande wa pili ukishaiinua. Tia gia ya kwanza isibiringike. Kisha ipe mgongo: egemeza makalio kwenye ukingo wa kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na fremu kwa mkono wa pili, nyoosha uti wa mgongo, halafu rudi kinyumenyume kwa hatua fupi ukisukuma kwa miguu. Anayejaribu kuiinua kwa kuinama kama anayenyanyua gunia la mahindi ataumia kiuno.

Barabarani kuna mambo mengine mawili ya kujua. La kwanza ni kona. Ukiwa kwenye mwendo, pikipiki nzito haikati kona kwa kugeuzwa usukani kama baiskeli ya mtoto. Ukitaka kwenda kushoto, sukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani, kidogo tu, nayo italala kushoto na kukata kona. Hili husikika kama kichekesho hadi ulijaribu. Lakini usiilaze kupita kiasi, kwani vikanyagio vya kruza viko chini na hukwaruza lami mapema.

La pili ni matuta. Tumbo la Fat Boy liko takriban sentimita 11 na nusu kutoka ardhini, nasi sote tunayajua matuta yetu, hasa yale yaliyojengwa na wanakijiji wenyewe baada ya mtoto kugongwa. Yapande polepole, ukiwa umenyooka, la sivyo utayasikia mabomba ya ekzosi yakilia.

Usijifundishe mwenyewe

Mwaka wa 1981 mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti ambayo bado inasomwa na walimu wa pikipiki duniani. Yeye na wenzake walikwenda kwenye mahali pa ajali zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles, wakapima na kuhoji. Waligundua kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe, au walifunzwa na jamaa na marafiki.

Ripoti hiyo pia ilionyesha kuwa pale pikipiki ilipogongana na gari, katika visa viwili kati ya vitatu mwenye gari ndiye aliyeinyima pikipiki haki yake ya njia. Mara nyingi alikata kona mbele yake kwenye makutano ya barabara. Kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto, mchunge sana yule wa mbele yako anayetaka kukata kulia. Huenda anakutazama machoni na bado hakuoni. Wala usidhani mngurumo utamzindua. Sauti ya ekzosi huenda nyuma, ilhali gari hilo liko mbele yako.

Nchini Uingereza, kijana wa miaka 19 haruhusiwi kupanda dude kama hili. Leseni yake humpa pikipiki isiyozidi kilowati 35. Zile zisizo na kikomo cha nguvu husubiri hadi atimize miaka 24, au 21 ikiwa ameishika leseni ile ndogo kwa miaka miwili. Hekima hiyo unaweza kuiazima hata bila kulazimishwa na askari. Anza na pikipiki ya cc 250 au 400 kwa mwaka mmoja, upate kujua mvua, usiku, mchanga na matatu, kisha upande ngazi.

Uzito wa mfuko

Fat Boy mpya huko Marekani kwenyewe huuzwa kwa zaidi ya dola 20,000. Kabla haijafika Nairobi, ongeza nauli ya meli hadi Mombasa, ushuru wa forodha, kodi ya VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za bandarini. Kwa hesabu hiyo, pesa zitakazokuletea magurudumu mawili zingeweza kukununulia gari zuri la familia lenye viti vitano. Mama watoto akiliuliza swali hilo, usinune. Ni swali la haki.

Halafu kuna gharama zisizotangazwa dukani. Kruza hunywa lita tano au sita za petroli kwa kilomita 100, kiasi ambacho kingeipeleka bodaboda zaidi ya mara mbili ya umbali huo. Oili ya injini ya Harley-Davidson hubadilishwa baada ya kilomita 1,600 za kwanza, kisha kila kilomita 8,000, na kila mara huingia karibu lita tano. Tairi ya nyuma ya Fat Boy za kisasa ina upana wa milimita 240, na tairi kama hiyo huipati kwa muuza vipuri wa mtaani. Huagizwa ng'ambo, na hungojewa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Pikipiki hukaa miezi miwili chini ya turubai kwa sababu ya kifaa kidogo kisichopatikana nchini. Kabla ya kununua, mtafute makanika aliyewahi kuifungua injini ya aina hiyo, umuulize vipuri hutoka wapi na huchukua muda gani. Ukimkosa makanika, basi hujaipata pikipiki.

Na bima je? Sheria yetu inakulazimisha kuwa na ile ya kumlinda mtu wa tatu, lakini hiyo haikulipii pikipiki yako ikiibwa au ikipondwa. Uliza bei ya bima kamili kabla ya kutoa hata shilingi moja ya arabuni. Ikiwa jibu litakutoa jasho, basi umekwisha kuujua uwezo wako.

Uzito wa nyumbani

Tumefika kwenye uzito ambao haupimwi kwa mizani. Katika nchi hii, wanaopoteza maisha zaidi barabarani ni watembeao kwa miguu na watu wa pikipiki. Kila anayekupenda analijua hilo. Ukichelewa kurudi kwa nusu saa tu, kuna mtu aliyesimama dirishani. Usimcheke kwa hofu yake, na usimdanganye kwamba pikipiki kubwa ni salama kuliko ndogo.

Unachoweza kufanya ni kuipunguza hatari hiyo kwa vitendo. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wake kuvaa helmeti na koti lenye viakisi mwanga, na inaruhusu abiria mmoja tu. Hii si sheria ya watu wa bodaboda pekee. Uchunguzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka wa 2008, ulibaini kuwa helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Nunua mbili nzuri, moja yako na moja ya mwenzako, kabla ya kununua mapambo ya kung'aa. Ongeza glavu, buti za kufunika vifundo vya miguu, na suruali nzito. Kaptura na malapa ni vya ufuoni.

Ukiweza, chagua pikipiki yenye breki za mfumo wa ABS, ambao huzuia magurudumu yasijifunge unaposimama ghafla. Na ujizoeze kutumia breki zote mbili pamoja, kwani ile ya nyuma peke yake haitoshi kusimamisha uzito huo.

Kisha keti na mwenzako, wakati watoto wamelala, mkubaliane. Je, ada ya shule ya muhula ujao iko kando? Je, kuna bima ya maisha, na jina la nani limeandikwa humo? Je, ni barabara zipi hutapita usiku? Je, ukinywa hata chupa moja, utaiacha pikipiki ulipo na kurudi kwa teksi? Mtu anayeona aibu kujibu maswali haya kwa mkewe hajawa tayari kubeba kilo 300 mbele ya lori la mizigo kule Mlolongo.

Wala tusidhani mambo haya ni ya wanaume pekee. Bessie Stringfield, mwanamke Mweusi wa Marekani, alizunguka nchi hiyo peke yake kwa pikipiki katika miaka ya thelathini na arobaini, wakati ambapo hoteli nyingi hazikumpokea mtu wa rangi yake. Ilimbidi mara nyingine alale juu ya pikipiki penye vituo vya petroli. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alibeba barua za jeshi, na katika maisha yake alimiliki Harley-Davidson 27. Alifariki mwaka wa 1993, na mwaka wa 2002 jina lake likaingizwa katika ukumbi wa heshima wa waendeshaji pikipiki nchini humo. Kwa hivyo binti yako akisema anaitaka, mpe ushauri ule ule ambao ungempa kijana wako wa kiume. Kiti cha kruza kiko chini, na hata mfupi wa kimo huikanyaga ardhi vizuri kwa miguu yote miwili.

Safari ya kwanza

Ukishatimiza hayo yote, sasa nenda ukafurahi. Ukiwa unaishi Nairobi, barabara ya Magadi ni mahali pazuri pa kuanzia. Toka mapema, kabla jua halijakolea. Pita Kiserian, panda hadi Kona Baridi ambako upepo utakukumbusha kwa nini pakaitwa hivyo, kisha Bonde la Ufa lifunguke mbele yako. Kutoka hapo unateremka, joto likiongezeka kona baada ya kona, hadi ziwa la magadi lenyewe, kilomita zipatazo 110 kutoka jijini.

Usiende kwa kasi. Kruza haikuundwa kwa mashindano, na ng'ombe na mbuzi wa Wamaasai hawana habari na ratiba yako. Beba maji ya kutosha, kwani injini inayopozwa kwa hewa hukuchoma mapaja kila unaposimama. Usingoje tangi likauke ndipo uwaze petroli. Jaza kabla ya kutoka Kiserian. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa utakayorudi, na uiheshimu saa hiyo.

Hapo ndipo utakapoelewa wanachokipata wale watu wa Jumapili. Huna dirisha, huna redio, huna simu sikioni. Unasikia harufu ya mvua kabla haijanyesha. Mpigo wa injini unaingia mwilini, na shida za ofisini zinabaki nyuma kama mawe ya kilomita. Raha hiyo ni ya kweli, na haiwezi kununuliwa kwenye gari.

Lakini raha hiyo ina wenyewe wengine pia. Ni mali ya yule aliye dirishani, ya watoto watakaokimbilia langoni, na ya fundi aliyeifunga ile nati ya mwisho ipasavyo. Waswahili walisema mwenda pole hajikwai. Mngurumo wa kuondoka asubuhi huwapendeza majirani. Ule wa kurudi jioni ndio wanaousubiri watu wa nyumbani kwako.